Seti ipi ya bisibisi inafaa kwa garaji ya nyumbani? Wenye uzoefu tusaidiane

#1 (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nimetenga kona ya garaji hapa home, meza ya kazi ipo, vaisi ipo, spana na soketi ziko poa, kilichobaki ni bisibisi. Zilizopo ni za kuokoteza okoteza, moja mpini umepasuka, nyingine ya nyota ncha ishakuwa mviringo kabisa haishiki kitu. Kazi zangu ni gari moja la Kijapani la petroli, pikipiki ya siku nyingi (nayo ya Kijapani) ambayo kabureta inataka kufunguliwa isafishwe, na vikazi vya ndani kama bawaba za milango, makabati, soketi za umeme.

Sasa kuna mizigo ya aina mbili naiona. Kuna lile boksi kubwa la plastiki lenye vipande mia na kitu, bisibisi za kila saizi, biti (zile ncha za kuchomeka kwenye mpini) kibao, mpaka vile vidogo vya saa na simu. Halafu kuna seti ya vipande sita tu na bei yake inalikaribia lile boksi, nyingine hata inazidi. Hesabu ya haraka inaniambia chukua vipande mia, ila kuna fundi kaniambia nisiliguse lile boksi na hakunipa sababu. Tofauti iko wapi hasa? Brandi pia tajeni, na kama kuna aina ya ncha ambayo lazima niwe nayo niambieni kabisa.

#2
Chukua sita. Kwenye hivyo mia utakavyovishika kila siku havizidi sita hivyo hivyo, tofauti ni kwamba vitakuwa vibovu.

#3
Mkuu huyo fundi msikilize. Bisibisi haipimwi kwa idadi, inapimwa kwa zile milimita chache za mwisho, pale ncha inapokutana na kichwa cha skrubu. Mpini mzuri, boksi zuri, garantii ndefu, vyote havikusaidii kama ncha haijajaa kwenye kichwa. Ikiwa na nafasi kidogo tu inakamata kwenye kingo badala ya ukuta mzima, ukikaza mkono inapanda juu na kuruka, na kila inaporuka inakula chuma cha skrubu, ya tatu au ya nne hiyo skrubu ndo basi tena haina kichwa. Hapo kazi ya dakika tano inageuka ya siku nzima, na mara nyingi bado kuna kipande cha aluminiamu cha injini ambacho hutaki kukiharibu.

Seti za mia tatizo lake liko hapo hapo. Ili zitoke nyingi kwa bei ile lazima kitu kipunguzwe na kinachopunguzwa ni chuma na usahihi wa ncha. Ncha ikiwa laini inajikunja na kuwa mviringo, ikiwa ngumu kupita kiasi inakatika kama kioo. Watengenezaji makini wanaichemsha na kuipoza chuma kwa kipimo ili ncha iwe ngumu, karibu 58 mpaka 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, ila fimbo yenyewe ibaki na unyumbufu kidogo. Kuandikwa Cr-V ubavuni hakukwambii chochote kuhusu hiyo kazi, maana kromu vanadiamu ni aina tu ya chuma na hata bisibisi mbovu zina maandishi hayo. S2 ni chuma cha kuhimili mishtuko na kinatumika sana kwenye biti, nacho kikipikwa vibaya ni takataka tu.

Kitu kingine angalia rangi ya ncha. Nzuri nyingi utakuta ncha ni nyeusi au ya kijivu, haijapakwa ule mng'ao wa kromu. Mng'ao unaongeza unene kwenye ncha na baadaye unabanduka. Fimbo ing'ae sawa, ncha hapana.

#4
Hapo kwenye ncha mkuu #3 umemaliza kila kitu, ila naongezea kitu ambacho mleta uzi kwa pikipiki na gari lake ndio cha kwanza kabisa kujua. Skrubu za nyota sio aina moja!! Watu wanaona msalaba wanasema nyota, wanachukua bisibisi yoyote ya nyota. Kwa macho zinafanana, kwa kazi hazifanani.

Kuna Phillips ambayo ndio PH, kuna Pozidriv ambayo ndio PZ, na kuna JIS ambayo ni kipimo cha Kijapani. Pikipiki za Kijapani za miaka ya nyuma, kabureta, vifuniko vya injini, vyombo vya breki, zimejaa JIS. Nyingi ukiangalia kichwani utakuta kuna kinukta au kishimo kidogo kwenye pembe moja ya msalaba, sio zote ila ukikiona kinukta hicho ujue ni JIS. Ukiweka PH ya kawaida kwenye JIS haizami mpaka chini, inagota juu juu kwa sababu umbo la kati ya mabawa ya ncha ni tofauti, halafu ukikaza inaruka. Ndio maana utasikia watu wanalalamika skrubu za pikipiki za Kijapani ni laini kama jibini, sio laini, ni bisibisi sio yake.

Kizuri ni kwamba bisibisi ya JIS inaingia vizuri tu kwenye skrubu za Phillips. Kwa hiyo kwa kazi zako mkuu ningeanza na JIS, Vessel ya Osaka ndio kazi yao hiyo, Hozan pia wanatengeneza. Namba 1, namba 2, namba 3. Hizo tatu zinakufungulia karibu pikipiki nzima upande wa nyota.

#5 (mleta uzi)
Aisee JIS ndio naisikia leo. Nimetoka kuangalia kabureta sasa hivi na kinukta kweli kipo. Sasa PZ ndio ipi na nitaitambuaje? Na hizo namba 1, 2, 3 zinaendaje na saizi za skrubu?

#6
PZ ukiangalia kichwa cha skrubu utaona msalaba mkubwa halafu katikati ya mabawa kuna mistari minne midogo iliyochanjwa kwa pembe ya nyuzi 45, kama jua lenye miale nane. Ukiona hiyo mistari ni PZ hakuna mjadala. Utaikuta sana kwenye skrubu za mbao, bawaba za makabati na vifaa vya umeme vya Ulaya. Ncha yake pia ina vijimbavu vidogo kati ya mabawa. PH ukiiweka kwenye PZ inacheza cheza na kula skrubu, PZ ukiiweka kwenye PH haiingii mpaka mwisho. Kwa hiyo usichanganye, nunua PZ2 moja kwa ajili ya makabati na kama kuna skrubu ndogo ongeza PZ1.

Saizi kwa skrubu za kawaida za mashine namba 1 ni M2.5 mpaka M3, namba 2 ni M3.5 mpaka M5, namba 3 ni M6. Kwa JIS M3 nayo inaingia namba 2. Namba 2 ndio utaifanyia kazi nyingi kuliko zote, kama hela ni ndogo hiyo inunue ya bei ghali kabisa nyingine zitafuata.

#7
Kipimo cha kujua kama ncha imekaa: weka bisibisi kwenye skrubu iliyo mkononi (isiwe na sumaku), ilaze mlalo kama unanyooshea mtu kidole. Skrubu ikibaki imening'inia bila kudondoka na ukiitikisa haichezi, ncha ni yake. Ikianguka jaribu saizi nyingine kabla hujasema skrubu mbovu. Beba skrubu zako mfukoni ukienda kununua, muuzaji mwenye akili hatakukataza.

#8
Mi napinga kidogo. Siku hizi kwa nini mtu anunue bisibisi za fimbo moja moja wakati kuna mpini mmoja wa biti? Mpini mmoja mzuri wenye racheti ndani, tundu la pembe sita la milimita 6.35 ambalo ndio kipimo cha dunia nzima, halafu unanunua biti nzuri tu. Biti ikifa unatupa hiyo moja, bisibisi nzima haiendi na maji. PH, PZ, JIS, torksi (nyota ya pembe sita), alen (ya tundu la pembe sita), zote kwenye mfuko mmoja. Na biti hizo hizo unaweka kwenye drili. Nafanya hivi miaka na sijawahi kujuta.

#9
#8 upo sahihi kwa kazi za makabati na vitu vilivyo wazi. Ila garajini kuna mahali mpini wa biti hauingii. Skrubu ya kabureta iko ndani ya kishimo chembamba, au nyuma ya hozi, au kati ya mapezi ya kupoza injini, kile kishikio cha biti ni kinene kinagonga ukuta kabla ncha haijafika chini. Ukisukuma kwa upande ndio unaanza kula skrubu. Halafu biti ndani ya kishikio ina mchezo kidogo, na racheti nayo ina mchezo wake, ukijumlisha unapoteza ule usikivu wa kuhisi skrubu inaanza kulegea au inaanza kuteleza. Kwa skrubu iliyokwama huo usikivu ndio kila kitu.

Kwa hiyo sio hiki au kile. Zile saizi unazozigusa kila siku ziwe za fimbo, zile za mara moja moja ziwe biti. Torksi kwa mfano, kwa gari la Kijapani na pikipiki ya zamani utaihitaji mara chache, biti T15, T20, T25, T30 zinatosha, huhitaji bisibisi nzima ya kila moja. Magari ya Ulaya ndio hadithi nyingine, huko torksi ziko kila kona mpaka T40 na T50.

#10
Kuna mtu kajiuliza kwa nini kuna vichwa vingi hivi? Bapa ni ya zamani sana na ubaya wake inateleza pembeni. Robertson wa Kanada alileta ya mraba mwaka 1909 na hiyo inashika vizuri mno lakini haikusambaa sana nje ya Kanada. Phillips wa Marekani akapata hataza zake miaka ya 1930 na General Motors wakaitumia kwenye Cadillac, kiwandani ikapendwa kwa sababu ncha inajipanga yenyewe katikati ya kichwa, mfanyakazi haangaiki kutafuta mfereji, mashine inapiga tu. Ubaya wa Phillips ni kuta za msalaba zimelala kwa mteremko, ukizungusha kwa nguvu mteremko unaisukuma ncha nje. Pozidriv ikaja kupunguza huo mteremko, na torksi ya kampuni ya Camcar mwaka 1967 ikaja na nyota ya pembe sita ambayo kuta zake zimesimama, karibu haisukumi kabisa nje. Ndio maana kwenye torksi unaweza kukaza bila kujiegemeza, ila kwenye PH lazima uegemee kwa uzito wa mwili.

#11
Upande wa bapa mmesahau. Watu wanadharau bapa kwa sababu skrubu za bapa zimepungua, lakini kwenye kabureta jeti (vile vitundu vidogo vya kupitisha petroli) nyingi ni za bapa na ni za shaba nyeupe, chuma laini, ukitumia bapa nyembamba unang'oa mdomo wa jeti na huo mfereji ukishaharibika jeti haitoki tena kirahisi. Bapa inatakiwa ijaze mfereji kwa upana na kwa unene. Zina vipimo viwili, mfano 5.5 kwa 1.0, maana yake upana milimita 5.5 na unene milimita 1.0. Usinunue bapa iliyoandikwa upana peke yake.

Pia angalia ubavu wa ncha. Bapa nyingi za bei rahisi zimechongwa kama kabari, zinaenda zikipungua mpaka mwisho, kwa hiyo zinagusa mfereji kwa juu tu. Nzuri zaidi ni ile ambayo pale mwisho kuta zake zinaenda sambamba. Ukishika kwa mwanga unaiona. Mimi kwenye garaji naweka ya 3 kwa 0.5, ya 4 kwa 0.8, 5.5 kwa 1.0 na 6.5 kwa 1.2. Hizo nne zimetosha.

#12
Mpini nao. Nguvu ya kuzungusha inatoka kwenye unene wa mpini sio urefu wa fimbo, kuna watu wanadhani fimbo ndefu inakaza zaidi, hapana, ndefu ni ya kufikia mbali tu. Mpini mnene wa kujaza kiganja ndio unakupa nguvu. Mimi mikono yangu mikubwa nikishika mpini mwembamba najichosha bure.

Plastiki ngumu inayoonyesha ndani ni imara na inafutika mafuta upesi, ila baadhi yake baada ya miaka ndani ya boksi lililofungwa inatoa harufu mbaya kama matapishi na unga mweupe juu. Ni plastiki yenyewe inaachia asidi. Osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, acha boksi wazi. Na usioshe mipini hiyo kwa asetoni wala kupulizia dawa ya kusafishia breki, inayeyuka juu juu inakuwa inanata. Zile za rangi mbili, ngumu ndani na mpira nje, zinashika vizuri hata mkono ukiwa na oili, Wera na Wiha wamezipatia sana. Felo nao wazuri. PB Swiss Tools wa Uswisi bei yake inaumiza ila ukiishika utaelewa, na ncha zao ni sahihi mno.

#13 (mleta uzi)
Nashukuru sana wakuu, naandika kila kitu. Swali sasa, kwenye pikipiki kuna skrubu za kifuniko cha injini zimekaa miaka na zina kutu nyeupe nyeupe pembeni. Hizo nazifungua kwa bisibisi hiyo hiyo au kuna namna? Naogopa kuzigusa.

#14
Ogopa hivyo hivyo, ni vizuri. Hiyo kutu nyeupe ni aluminiamu, skrubu ya chuma ndani ya aluminiamu kukiwa na unyevu zinakulana na kushikana. Usizishambulie kwa mkono.

Safisha kwanza msalaba. Chukua sindano au msumari mwembamba toa tope na rangi iliyokauka mle ndani, watu wengi wanaruka hapo halafu ncha inakaa juu ya uchafu. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, kesho pulizia tena. Weka bisibisi JIS namba yake, iwe wima kabisa, igonge kwa nyundo mara kadhaa makofi ya wastani. Kugonga kunafanya vitu viwili, kunaizamisha ncha na kunatikisa nyuzi za skrubu mpaka kutu ipasuke. Ndio maana unahitaji angalau bisibisi moja ambayo chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho na ina kofia ya chuma nyuma. Ile ya mpini wa plastiki mtupu ukiigonga unaipasua.

Halafu geuza. Nguvu kubwa iwe ya kusukuma kuelekea skrubu, ya kuzungusha ifuate nyuma. Anza kwa kukaza kidogo tu, kama robo ya robo, halafu ndio ulegeze. Ikiteleza mara MOJA simama. Usijaribu tena na bisibisi ile ile kwa hasira.

#15
Naongezea kwa #14, hapo ndio mahali pa bisibisi ya kugonga, ile nzito ya chuma unayoipiga na nyundo inajizungusha yenyewe kidogo kila pigo. Inasukuma ndani na kuzungusha kwa wakati mmoja, ncha haipati nafasi ya kuruka. Kabla hujapiga hakikisha imewekwa upande wa kufungua maana inaenda pande zote mbili. Skrubu za disk za breki za baadhi ya magari ya Kijapani, zile mbili za nyota namba 3, bila hii utalia. Vessel wana ndogo inaitwa Impacta, inaonekana kama bisibisi ya kawaida ila ukiigonga ncha inazunguka karibu nyuzi 12, hiyo kwa vifuniko vya pikipiki ni tamu sana kwa sababu haina ule uzito wa kupasua aluminiamu.

Kwa skrubu ambayo ishaanza kuliwa kidogo, paka ile pesti ya kusagia valvu kwenye ncha. Chembe zake ngumu zinajaza pengo na kuongeza msuguano. Ikishindikana kabisa kamata kichwa kwa plaiz ya kujifunga, au toboa kichwa kwa drili kifuniko kitoke halafu shina linalobaki unalikamata kwa plaiz ukiwa na nafasi. Moto nao unasaidia ila mbali na petroli, kabureta na tenki vitoke kwanza na upepo upite.

Na ukishazitoa usirudishe zile. Weka bolti za alen za unene na nyuzi zile zile, lakini pima urefu wa kila moja maana kwenye kifuniko hazilingani, andika au zichomeke kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio wake. Ndefu ukiiweka penye fupi inagota chini na kupasua aluminiamu. Usikaze kama unafunga gurudumu la gari.

#16
Kuna jamaa wanatumia bisibisi bapa kama tindo, kama mtaimbo, kama kifungulio cha kopo la rangi. Ndio chanzo cha bapa nyingi kupinda. Mleta uzi nunua kimtaimbo kidogo cha kubandulia, kisikae mbali na meza, ili bapa zako zibaki bapa.

#17
Soketi za umeme ndani ya nyumba amesema pia atagusa. Hapo nunua bisibisi za umeme peke yake, zenye alama ya 1000 V na pembetatu mbili, zinafuata kiwango cha IEC 60900 na fimbo yake imefunikwa mpaka karibu na ncha. Zikiwa za kampuni makini kila moja imejaribiwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Mpini wa plastiki wa kawaida usikudanganye hata ukiwa mnene vipi, haujapimwa kwa hiyo kazi. Na hata ukiwa nayo bado zima swichi kuu na upime kwa tesita kwanza, hiyo fimbo ni kinga ya mwisho sio ruhusa ya kushika umeme.

Ukichubua ile plastiki ya fimbo, hata mkwaruzo wa kisu, bisibisi hiyo iondoe kwenye kazi ya umeme siku hiyo hiyo. Faida nyingine, ukiwa unafanya kazi karibu na betri ya gari fimbo iliyofunikwa haitagusanisha pozitivu na bodi ikapiga cheche. Gari la haibridi zile nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kwa bisibisi yoyote ile.

#18
Sumaku je? Mimi napenda ncha yenye sumaku, skrubu haidondoki ndani ya injini.

#19
Sumaku nzuri mkuu #18 ila ina madhara yake, inaokota vumbi la chuma. Ukiingia nayo kwenye kabureta au kasha la gia bila kuifuta unaingiza huo unga ndani. Nunua kile kidude cha kutia na kutoa sumaku, kidogo kama kiberiti, unatia unapotaka na kutoa unapomaliza. Futa ncha kila mara, hata bila sumaku, maana ncha yenye oili inateleza.

#20
Kunoa pia tuseme. Bapa ikiwa imeliwa pembe unaweza kuirudisha kwa tupa au jiwe, mwisho wake uwe mraba kabisa na kuta zibaki sambamba. Ukitumia grenda chovya kwenye maji kila mara, chuma kikibadilika kuwa bluu ugumu umeondoka na hiyo ncha itapinda. Ya nyota ikishakuwa mviringo haina kunolewa, ishushe daraja iwe ya kukoroga rangi, usiirudishe kwenye rafu pamoja na nzima maana siku moja utaichukua gizani.

#21 (mleta uzi)
Wakuu Mungu awabariki. Lile boksi la mia nimelisahau rasmi. Nilivyoelewa orodha yangu ni hii: JIS namba 1, 2 na 3, namba 2 na 3 ziwe za kugongeka zenye kofia ya chuma. PZ2 moja. Bapa za 3, 4, 5.5 na 6.5. Mpini mmoja wa biti na biti za torksi na alen. Bisibisi ya kugonga. Mbili za umeme 1000 V, bapa na nyota. Kuna kitu nimeacha? Na hizi nichukue za urefu gani?

#22
Namba 2 fimbo ya milimita 100 ndio ya kawaida. Ongeza namba 2 nyingine kibonge, ile fupi ya kuingia kwenye kiganja, kwa sehemu ambazo ndefu haisimami, na kama kabureta iko ndani ndani tafuta namba 2 ya milimita 200 au zaidi. Zingine za kawaida tu. Pia zile bangili za skrubu za hozi za redieta, nyingi zina kichwa cha pembe sita cha milimita 7 au 8, tumia soketi ndogo yenye mpini kama wa bisibisi, usizifungue kwa bapa, ndo inateleza na kuingia kwenye mkono au kwenye redieta yenyewe.

Orodha yako usinunue yote siku moja. Anza na JIS 2 na 3, bapa 5.5 na zile za umeme. Nyingine kila unapokutana na skrubu inayozidai.

#23
Nakubaliana na #22, ila kwa kuwa anaanza na kabureta aongeze na ile bapa ya jeti mapema. Mkuu kabla hujaagiza toa kifuniko cha chini cha kabureta, pima mfereji wa jeti kubwa na ile ndogo ya mwendo wa taratibu kwa kalipa, upana na unene, ndogo mara nyingi iko ndani ya kishimo kwa hiyo upana wa fimbo nao uangalie usizidi tundu. Ukipata vipimo viandike hapa tukwambie saizi, na weka picha ya hizo skrubu za kifuniko cha injini kabla hujazigonga.

#24 (mleta uzi)
Sawa mkuu, kalipa ninayo. Jioni nafungua kifuniko cha chini, vipimo na picha naweka hapa hapa.